Tyubu Mbili Katika Mtaa wa Yide Lu

Mtu wa pwani yetu akiteremka katika kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Yide Lu, mjini Guangzhou, akapanda ngazi kuelekea juani, hana haja ya kusoma kibao wala kumwuliza mpita njia amefika wapi, kwa kuwa pua yake imekwisha kupata habari kabla ya macho: harufu ya ng'onda, ya kamba wakavu, ya pweza na ya jongoo bahari, ile ile inayomsabahi mtu sokoni Malindi, Unguja, mashua zikiwa zimeingia na kusi inavuma, humlaki mlangoni kama jamaa aliyetangulia safari. Maduka yamepangana pande zote mbili za njia, magunia yamefunguliwa midomo, na juu ya magunia yametundikwa mabondo makavu ya samaki, rangi ya asali, ambayo miongoni mwake yamo ya sangara wa Ziwa Viktoria, yaliyosafiri mbali kuliko wengi wa wavuvi walioyatoa majini, na kuuzwa huku kwa bei ambayo mvuvi wa Mwanza akiisikia hudhani anafanyiwa mzaha.

Hatua chache mbele samaki huwapisha wanasesere. Madukani humo, ghorofa juu ya ghorofa, hununuliwa kwa jumla magari ya plastiki, kalamu, mikoba ya shule, mapambo ya harusi na ya Krismasi, na hayo ndiyo yanayowaleta wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, wa Darajani na wa Eastleigh, ambao huja kwa wingi hasa nyakati za Maonyesho ya Canton, yaliyoanzishwa 1957 na ambayo hata leo hufanyika mara mbili kila mwaka. Juu ya msukosuko wote huo limesimama kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Shishi, yaani Nyumba ya Mawe, lililojengwa kwa mawe ya itale tangu 1863 hata 1888 katika kiwanja kilichokuwa zamani na kasri ya liwali wa Guangdong na Guangxi. Alasiri ya Jumapili husomwa humo misa ya Kiingereza ambayo Waafrika huijaza. Waislamu wetu nao, wakimaliza hesabu zao, hutembea kuelekea kaskazini mpaka Huaisheng, msikiti wa kale ambao mapokeo humnasibishia Sahaba Saad bin Abi Waqqas.

Nimekawia mtaani kwa sababu mambo ya uso niliyokusudia kuyaandika niliyaona hapo, wala si hospitalini. Nilikuwa nimefuatana na mwanamke mmoja wa Mombasa, muuzaji wa vifaa vya shule, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa uso wa mtu ni sitara yake. Ni mweupe wa maji ya kunde, hodari wa kupatana bei, na mwaka huo alikuwa haondoi mtandio usoni hata ndani ya duka. Tulisimama kwenye duka la mabondo kupisha mikokoteni, na mwenye duka, mama wa makamo, akatukaribisha kwa neno lile wanalotuita wote, pengyou, yaani rafiki. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama komamanga lililopasuka, na pembeni mwa pua mishipa myembamba ilikuwa imejichora kama nyuzi za hariri.

"Maalim," akaniambia yule wa Mombasa kwa sauti ya chini, "hebu mwulize huyu mama hupaka nini. Mashavu yake na yangu ni ndugu."

Kichina changu ni cha maneno matatu, kwa hiyo simu ndiyo iliyouliza. Mama wa duka hakuona haya hata kidogo. Alifungua saraka aliyowekea risiti, akatoa tyubu ndogo iliyokuwa bado katika boksi lake pamoja na karatasi ya maelezo, akaiweka juu ya mizani ya kupimia mabondo. Mwenzangu naye, baada ya kusitasita, akatoa yake mkobani na kuiweka kando ya ile ya kwanza. Yake ilikuwa nzuri zaidi: ina picha ya waridi, ina maandishi ya dhahabu, lakini haina jina la kitu chochote kilichomo, na muuzaji wake hakuwa na kibao wala anwani. Mwanzoni, akasema, ilimwondolea joto na wekundu kwa siku mbili, akaiombea dua. Mwezi wa nne, usiku akisahau kuipaka, asubuhi uso huwaka kama uliopakwa pilipili, na vipele humtoka kuzunguka mdomo. Mama wa duka aliigeuza tyubu ile, akatafuta maandishi, akakosa, akatikisa kichwa na kusema maneno mawili ambayo simu iliyatafsiri bila huruma: jisu lian, uso wa homoni.

Maradhi ya huyu mama mwenye duka huitwa rosasia. Wachina huyaita meigui cuochuang, chunusi za waridi, na zamani waliyaita pua ya machicha ya pombe, jina lililowadhulumu watu wengi, maana ingawa pombe huyachochea, wapo walioyapata bila ya kuonja tone katika maisha yao. Huanza kwa uso kuiva ghafla, kwa jua, kwa chai ya moto, kwa pilipili au kwa ghadhabu, kisha kupoa. Baadaye kuiva huko hukaa zaidi, mashavu, pua, paji na kidevu vikashika wekundu usioondoka, mishipa midogo ikaonekana, vipele vikafuata, na kwa wengine macho yakaingia vumbi lisilokuwako. Si ukoma wala si upele, hayaambukizi, na hayana dawa ya kuyang'oa mizizi. Kinachofanywa na tabibu ni kuyatuliza. Wala si machache, kama watu wanavyodhani, nje ya nchi za baridi: katika mji wa Changsha, mkoani Hunan, watafiti waliwachunguza watu zaidi ya 10,000 wakayakuta kwa kadiri ya watu 3 na nusu katika kila 100.

Kwetu hayana jina la mtaani, na hilo lina matokeo. Vitabu vya tiba vimeyaeleza kwa wekundu, na picha zake ni za nyuso za Ulaya. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi kuwa mwekundu bali ni weusi wa kahawia au wa zambarau, pengine hauonekani kabisa, na mgonjwa huwa na ushahidi wa nafsi yake tu, yaani joto, mchomo, ukavu na vipele. Mwanamke akienda na malalamiko hayo dukani huambiwa ana chunusi, au ana mzio wa sabuni, akapewa krimu kali. Na ndiyo sababu naona kazi inayofanywa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ambacho tangu 1992 huwafundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika kusoma ngozi ya watu wao kama ilivyo, kuwa na thamani kubwa kuliko sifa inayopewa.

Sasa tuingie katika dawa zenyewe, za kupaka. Ziko za haraka na ziko za taratibu, na kosa la watu ni kuzipima kwa mizani moja.

Mashuhuri katika zile za haraka ni jeli ya brimonidini, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2013 kwa nguvu ya asilimia 0.33. Haikuzaliwa kwa ajili ya uso. Ilikuwa imekwisha kutumika miaka mingi kama matone kwa wenye presha ya macho, na kwa kuwa huikaza mishipa midogo ya damu, matabibu waliona kwamba mishipa ya mashavu nayo yaweza kukazwa. Mtu hupaka mara moja kwa siku, asizidishe punje tano ndogo kama za njegere, moja kwenye paji, moja kidevuni, moja puani na moja kila shavu. Baada ya nusu saa hivi wekundu huanza kufifia, kwa saa kadhaa uso hutulia, kisha kadiri siku inavyokwenda nguvu hupungua, na ndani ya saa 12 mambo hurudi yalipokuwa. Kurudi yalipokuwa si dhara; ndiyo tabia ya dawa hiyo, kama kivuli cha mwembe kinavyomwacha mtu jua likigeuka. Dhara ni pale yanaporudi kwa kishindo kuliko yalivyoondoka, uso ukaiva zaidi ya siku zote na kuchoma, jambo ambalo majaribio ya mwanzo, yaliyochukua wiki nne tu, hayakulionyesha kwa ukamilifu, bali lilidhihirika watu walipoitumia kwa muda mrefu, ambapo karibu mmoja katika kumi alilalamika kwamba uso wake huiva. Wengine, baada ya miezi, ngozi yao huikataa kabisa kwa mzio wa kuwasha.

Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari mbili, na zote mbili zafaa kujulikana na mtu anayeagiziwa dawa hii na ndugu yake aliyeko ng'ambo. Mwezi wa Novemba 2016 iliwaambia matabibu kwamba wapo ambao maradhi yao yalizidi kwa dawa yenyewe, hivyo mgonjwa aanze kwa kiasi kidogo wiki nzima kabla ya kuongeza. Mwezi wa Juni 2017 ikaongeza kwamba kwa baadhi ya watu dawa ilipenya ngozini hata kuingia katika mwili, ikapunguza mapigo ya moyo na kushusha presha ya damu, mtu akashikwa na kizunguzungu, na kwa sababu hiyo isipakwe juu ya ngozi iliyochubuka au iliyotoka kuchomwa kwa miale ya leza. Ngozi iliyochubuka! Nani katika miji yetu hajui wanawake wangapi wanaingia katika tiba ya uso wakiwa wamekwisha kuichubua ngozi miaka mitano kwa mkorogo? Kipimo cha usalama kilichofanywa juu ya ngozi nzima hakimhusu sana mtu ambaye ukuta wa nyumba yake umekwisha kubomolewa.

Ndugu ya brimonidini ni oksimetazolini, krimu ya asilimia 1 iliyoidhinishwa Marekani Januari 2017, na hiyo wasomaji wengi wameshaionja bila kujua, maana ni dawa ile ile ya matone ya kuzibua pua wakati wa mafua. Aliyewahi kuyazoea matone hayo anajua kinachotokea yakitumiwa siku nyingi mfululizo: pua huziba zaidi kuliko siku ya kwanza, na mtu huwa hatafuti tena dawa ya mafua bali dawa ya dawa. Usoni jambo hilo limeonekana kwa wachache mno, hata katika watu waliofuatwa mwaka mzima, na kwa hiyo waganga wengine huipendelea kuliko nduguye. Walakini mwenye maradhi ya moyo, mwenye presha isiyotulizwa au mwenye aina kali ya presha ya macho hana ruhusa ya kuianza bila ya kumwona tabibu. Kwa maoni yangu dawa hizi mbili ni kama nguo ya Idi: humfaa mtu siku ya harusi ya mwanawe au siku ya kusimama mbele ya watu, na anayeivaa kila siku kwenda shamba asilalamike ikichanika.

Kuna jambo moja zaidi juu ya brimonidini, ambalo nalisema hapa kwa kuwa tumesimama katika mtaa wa vitu vya watoto. Katika majaribio yake, watoto wawili wadogo wa mshiriki mmoja waliimeza jeli hiyo kwa bahati mbaya, wakalegea kwa usingizi, mapigo ya moyo yakapungua, pumzi ikawa inakatika hata ikahitajika kusaidiwa kwa mashine. Wote wawili walipona. Ni jeli ya kupaka shavuni, kiasi cha ncha ya kidole, na mtu mzima huitupa juu ya meza ya kujipambia pamoja na wanja na manukato bila ya wazo lolote.

Dawa za taratibu hazina ajabu ya kutazamwa kwenye kioo. Ile tyubu ya mama wa duka, nilipoisoma karatasi yake, ilikuwa metronidazoli, na jina hilo, lenye kutisha kidogo, ni la kitu ambacho kila nyumba ya Afrika Mashariki inakifahamu: ni Flajili, vidonge vile vichungu vinavyoacha ladha ya shaba mdomoni, vinywewavyo kwa amiba. Ikifanywa jeli au krimu ya asilimia 0.75 au 1 na kupakwa usoni, kinachoingia katika damu ni kidogo mno, dhara yake kubwa aghalabu ni ukavu na mwasho mdogo, na historia yake ni ndefu, kwani jeli hiyo imekuwa ikitumika Marekani tangu 1988. Ila yake ni uvivu: huhitaji wiki nyingi, na huvituliza vipele na wekundu unaovizunguka vizuri zaidi kuliko ule wekundu wa chini uliokwisha kutandika. Asidi ya azelaiki, ya asilimia 15, ni ya namna hiyo hiyo. Asili yake imo hata katika ngano na shayiri. Huchoma kidogo siku za mwanzo, na kwa watu weusi ina fadhila ya ziada kwamba husaidia kufifisha madoa meusi yanayobakia baada ya vipele, bila ya kuwa mkorogo.

Na ivamektini, nayo pia ni mgeni mwenye sura tunayoijua. Huko Mahenge, Morogoro, watu wamepewa vidonge vyake mwaka baada ya mwaka dhidi ya usubi unaopofua macho, na pwani ya Tanzania imevimeza katika kampeni za matende. Chanzo chake ni kijidudu cha udongoni alichokiokota Satoshi Ōmura karibu na uwanja wa gofu huko Japani, na alipopata Nobeli ya tiba 2015 pamoja na William Campbell, mshirika wao wa tatu alikuwa Tu Youyou, bibi wa Kichina aliyeitoa dawa ya malaria katika mmea wa pakanga, ambayo leo tunaimeza katika dawa mseto. Hivi kwamba katika tuzo moja mlikuwa na dawa ya usubi wetu, dawa ya malaria yetu, na, kwa upenyo, dawa ya mashavu ya mama wa Yide Lu. Ikiwa krimu ya asilimia 1, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2014, hupakwa mara moja kwa siku, na inadhaniwa kwamba sehemu ya kazi yake ni kuwapunguza wadudu wadogo wasioonekana kwa jicho, waishio katika vinyweleo vya kila uso wa mwanadamu na ambao kwa wenye rosasia huzidi. Iliposhindanishwa na metronidazoli kwa wiki 16 katika wagonjwa 962, vipele vilipungua kwa asilimia 83 kwa waliopaka ivamektini na kwa asilimia 74 hivi kwa wenzao. Tofauti hiyo ni ya kweli lakini si ya mbingu na ardhi, na kwa mtu anayelipa mfukoni mwake bei yaweza kuipita. Mishipa iliyokwisha kujichora, hata hivyo, hakuna krimu inayoifuta; hiyo ni kazi ya leza.

Naziita salama, na neno hilo nalitumia kwa kiasi: mapitio makubwa ya tafiti za rosasia, yaliyochapishwa 2015 na kukusanya majaribio 106 yenye watu 13,631, yaliona ithibati nzuri kwa dawa hizi za kupaka, pamoja na brimonidini. Lakini majaribio hayo yote yalifanywa kwa tyubu zilizojulikana kilichomo. Tyubu ya waridi haikuwamo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Homoni zile alizozitaja mama wa duka ni steroidi, nazo, katika mahali pake, si adui. Mtoto mwenye pumu ya ngozi hupata nafuu kwazo, na tabibu mwenye kuzijua huziandika kwa siku zinazohesabika. Tatizo ni kwamba hakuna dawa iondoayo wekundu kwa haraka na kwa utamu kama hizo. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walibuni njia ya kuzipima nguvu steroidi za kupaka, ambayo hata leo yatumika: hupakwa juu ya mkono wa mtu mzima wa afya, kisha huangaliwa ngozi imepauka kiasi gani, na inayoipausha zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa kipimo hicho klobetasoli huhesabiwa kuwa na nguvu kama mara 600 ya haidrokotizoni. Basi mtu anayesifu krimu yake kwamba "siku mbili tu uso ukatulia" anaitangaza, pasi na kujua, shahada ya ukali wake. Alichokiona kwenye kioo ni kipimo cha maabara, wala hakikuwa uponyaji.

Na baada ya wiki au miezi malipo huja. Ngozi hukonda, mishipa huzoea kukazwa na ikiachwa hutanuka kwa hasira, vipele huota, na mgonjwa hurudi kwenye tyubu ile ile kwa kuwa ndiyo peke yake inayotuliza moto iliouwasha. Ian Sneddon, tabibu wa ngozi wa Sheffield, aliwaonya wenzake 1969, steroidi kali zikiwa bado zinasifiwa kama muujiza, kwamba huifanya rosasia kuwa mbaya zaidi. Na 1974 Leyden, Thew na Kligman huko Marekani waliipa hali hiyo jina lake lenyewe, rosasia ya steroidi. Ikipakwa karibu na macho huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Ikipakwa kwa wingi, hasa kwa mtoto, huingia mwilini na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni kama hizo. Wachina walilijua hilo kwa uchungu Januari 2021, mtoto mchanga alipovimba uso na kuota nywele baada ya kupakwa krimu ya watoto iliyotengenezwa Zhangzhou, Fujian, na uchunguzi ukakuta ndani yake klobetasoli ambayo boksi halikuitaja.

Sheria za China zinakataza steroidi ndani ya vipodozi, na kanuni mpya za vipodozi zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Anayenunua kwa macho yake mwenyewe ana msaada mmoja, nao umechapwa kwenye boksi. Dawa ya kweli hubeba maneno Guoyao Zhunzi na namba yake. Kipodozi hubeba herufi ya zhuang katika namba yake. Na iko aina ya tatu, yenye herufi ya xiao, ambayo ni ya vitu vya kuulia vijidudu tu, na ambayo haina haki ya kudai inatibu maradhi, lakini wadanganyifu wamepata kujificha ndani yake, kama ilivyokuwa ile krimu ya Fujian. Mwenzangu hakuinunua tyubu yake Yide Lu, kwa kuwa Yide Lu si mtaa wa krimu. Atakaye vipodozi kwa jumla huenda Sanyuanli, huko kwenye majengo ya Meibo Cheng na jirani zake, ambako vitu halali vipo kwa maelfu na ambako mnunuzi wetu, mwenye siku nne za viza na kontena la kujaza, aghalabu hatazami herufi bali hutazama rangi ya boksi.

Nyumbani makatazo yako pia. Kenya na Tanzania zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Tanzania Bara ulinzi wa vipodozi ulihamia kwa Shirika la Viwango, TBS, 2019. Na mataifa yaliyofungamana na Mkataba wa Minamata yalikubaliana Geneva 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe 2025. Hata hivyo tyubu hupita, kwa kuwa hupita mkobani, moja moja, kama ilivyopita hii. Nami sidhani forodha itaweza kuifikia. Linaloweza kuifikia ni swali moja la mnunuzi, ambalo bibi zetu waliwauliza wauza dawa za mitishamba bila ya kuona haya na ambalo sisi, tangu dawa zianze kuvaa maboksi, tumeona aibu kulirudia: kilichomo humu kinaitwaje? Si jina la kampuni, wala si jina la waridi. Jina la dawa.

"Basi niitupe hapa hapa," mwenzangu akasema, mkono ukiwa tayari juu ya pipa la maganda ya kamba.

Nilimwambia mimi si tabibu, ila nililokuwa nimesoma nikamwambia: kwamba steroidi iliyozoewa miezi ikikatwa ghafla, uso huweza kulipuka kwa wiki kadhaa, hata watu wakadhani wamekosea kuiacha, wakairudia, kwamba mamlaka ya Uingereza ilitoa onyo juu ya jambo hilo hilo 2021, kwamba tabibu huweza kumpunguzia kwa hatua au kumpa dawa ya kushikilia katikati, na kwamba asije akaziba moto huo kwa ile jeli ya saa 12, maana mishipa iliyokwisha kufundishwa utumwa mmoja haifai kupewa bwana wa pili. Nikamwambia pia kwamba tabibu wa ngozi, awe wa Mombasa au wa Moshi, atataka kuiona tyubu yenyewe, na hata kuipeleka kupimwa, kwa kuwa haina jina.

Mama wa duka, aliyekuwa akifuata midomo yetu ingawa hakufuata maneno, alichukua bili tupu, akanakili nyuma yake jina la dawa yake kwa herufi za Kichina na za Kilatini kutoka kwenye karatasi, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akatoa mfuko mdogo wa nailoni, ule wa kutilia kamba. Mwenzangu akaitia tyubu ya waridi ndani, akaufunga mafundo mawili, akaongeza la tatu kwa ajili ya mjukuu wake mwenye mikono mirefu, akaushindilia chini kabisa ya mkoba pamoja na pasipoti. Akavuta mtandio mpaka chini ya macho kwa ajili ya jua, na tukavuka njia kwenda kuhesabu mikoba ya shule.